Mfuko wa hoteli unaopata hasara na bado unalipa gawio: utajuaje kama ni mzima?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chumbageni, Tanga, na nina nyumba ya wageni ya vyumba 12 ambayo marehemu mume wangu aliniachia. Mwanangu aliyeko Marekani anataka sehemu ya mafao yangu tuiweke katika mfuko wa huko unaomiliki hoteli, ambao unalipa gawio la asilimia 11 kwa mwaka. Amenitumia ukurasa wa mahesabu, nami nikaona mstari wa mwisho unaonyesha hasara. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama, mifuko ya hoteli ndivyo ilivyo." Je, ni kweli? Na mtu asiye mhasibu atajuaje kama mfuko wa namna hii ni mzima au unajila wenyewe?

Jibu: Shikamoo mama. Mwanao amesema kweli, lakini ameishia nusu ya njia. Hasara katika mstari wa mwisho wa mahesabu ya mfuko wa hoteli haitoshi kuwa ushahidi wa ugonjwa, kwa sababu nitakayoieleza. Ila gawio nalo, hata liwe nono kiasi gani, si ushahidi wa afya. Afya ya mfuko wa namna hii hupimwa kwa fedha inayobaki baada ya riba kulipwa na baada ya majengo kukarabatiwa inavyostahili, kisha fedha hiyo ikatazamwa itakavyokuwa katika mwaka mbaya. Nitaanzia kwenye nyumba yako ya wageni, kwa kuwa unaijua kuliko mimi ninavyoujua mfuko wowote, na hesabu ya vyumba 12 vya Chumbageni kimsingi haitofautiani na hesabu ya vyumba 12,000 vya Marekani.

Kwanza tukubaliane juu ya kitu chenyewe. Mfuko wa uwekezaji wa majengo, ambao watu wa masoko ya mitaji wamezoea kuuita riti, ulianzishwa kwa sheria nchini Marekani mwaka 1960 ili mtu wa kipato cha kawaida naye aweze kumiliki sehemu ya jengo kubwa. Mfuko hautozwi kodi ya kampuni kwa mapato unayoyagawa, kwa sharti kwamba kila mwaka ugawe angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi. Kwetu kanuni za mifuko hii zilitolewa mwaka 2011 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na jina linalojulikana zaidi katika njia hiyo ni Watumishi Housing. Majirani zetu wa Kenya waliuorodhesha mfuko wao wa kwanza katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2015, nao ulikuwa wa majengo ya maduka na ofisi. Sharti la kugawa lina tokeo ambalo wengi hawalioni, nalo ni kwamba mfuko hauwezi kujiwekea akiba kubwa. Ukitaka kununua hoteli nyingine, au kulipa deni lililokomaa, mara nyingi inabidi ukope tena, uuze hisa mpya au uuze jengo. Kwa hiyo deni ni sehemu ya maumbile ya mifuko hii, na ndiyo maana nitalizungumzia kwa urefu kuliko jambo lingine.

Jengo la ofisi lina mpangaji aliyetia saini mkataba wa miaka 5 au 10. Hoteli ina mpangaji wa usiku mmoja. Mambo yakichangamka, bei ya chumba hupandishwa asubuhi hiyo hiyo, na hilo ni jema hasa wakati bei za vitu zinapopanda; mambo yakiharibika, mapato hutoweka kabla ya mwezi kwisha, huku mlinzi, umeme na riba vikiendelea kudai. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, takriban robo tu ya vyumba vya hoteli nchini Marekani ndivyo vilivyokuwa na wageni, na Host Hotels & Resorts, mfuko wa hoteli ulio mkubwa kuliko yote nchini humo, ulisimamisha gawio mwaka huo. Ikiwa mkubwa wao alisimamisha, usimwamini mtu anayekuambia kwamba gawio la mfuko wowote wa hoteli ni la uhakika kama pensheni.

Hapa Tanga nasi tuna mfano wetu. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na ujenzi wake umeleta mafundi na wahandisi wanaohitaji mahali pa kulala. Mwenye nyumba ya wageni anayeipima biashara yake kwa miaka hiyo peke yake anaweza kukopa akidhani hao ni wageni wa kudumu, ilhali kazi ya ujenzi ikikamilika, wajenzi hufunga mizigo. Ndiyo maana, unapoyasoma mahesabu ya mfuko, swali la kwanza si vyumba vimejaa kiasi gani bali ni nani aliyevijaza na atabaki kwa muda gani. Hoteli inayotegemea mikutano, hoteli ya watalii wa ufukweni na hoteli ya madereva kando ya barabara kuu hazianguki siku moja wala haziinuki siku moja.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho utakikuta katika ripoti za mifuko ya hoteli, yaani mapato kwa kila chumba kilichopo. Kwa mwezi wa siku 30, vyumba vyako 12 vinakupa usiku 360 wa kuuza. Tuseme umeuza 216, yaani asilimia 60, kwa shilingi 40,000 kila mmoja. Umepata shilingi 8,640,000, ambazo ukizigawa kwa usiku 360 zinatoa shilingi 24,000 kwa kila chumba kilichopo, kiwe kimelala mtu au hakikulala. Mwezi unaofuata unashusha bei hadi 30,000, wageni wanamiminika, unauza usiku 288, yaani asilimia 80. Ukipiga hesabu utapata tena shilingi 8,640,000, na tena 24,000 kwa kila chumba. Kipimo hakikutikisika. Lakini umefua mashuka ya usiku 72 zaidi, umepika chai 72 zaidi, na viyoyozi vimekula umeme wa usiku 72 zaidi. Kama kila usiku wa ziada unakugharimu shilingi 7,000, umepoteza shilingi 504,000 ukiwa unajisifu kwamba nyumba imejaa. Kwa hiyo mfuko unapotangaza kwamba mapato kwa kila chumba yamepanda, tazama kama yamepandishwa na bei au na wingi wa wageni. Yaliyopandishwa na bei hushuka karibu yote kwenye faida; yaliyopandishwa na wingi huliwa njiani.

Turudi kwenye hasara iliyokushtua. Sitautaja mfuko wa mwanao kwa jina, na badala yake nitatunga mfuko wa mfano unaofanana nao kwa umbo, wenye tarakimu nyepesi kufuatika. Mapato ya hoteli zake zote ni dola milioni 400 kwa mwaka. Gharama za kuziendesha, pamoja na ada ya kampuni inayozisimamia, ni milioni 280, kwa hiyo hoteli zenyewe zinabakiza milioni 120. Makao makuu ya mfuko yanakula milioni 15, zinabaki 105. Riba ya madeni ni milioni 45. Kisha mhasibu anatoa milioni 70 za uchakavu wa majengo na samani, na hapo ndipo mstari wa mwisho unapoonyesha hasara ya milioni 10.

Uchakavu huo haukutoka mfukoni mwaka huu. Fedha ya kununulia jengo ilitoka siku jengo liliponunuliwa, na kinachofanyika sasa ni kuigawa gharama hiyo kwa miaka mingi. Sheria ya kodi ya Marekani, kwa mfano, hulihesabu jengo la biashara kuwa linachakaa kwa miaka 39, hata kama kiwanja chake kinapanda thamani kila mwaka. Kwa sababu hiyo Nareit, chama cha mifuko hii nchini humo, kiliweka mwaka 1991 kipimo kinachoweza kuitwa fedha za uendeshaji: unachukua faida au hasara, unairudishia uchakavu wa majengo, na unaondoa faida iliyotokana na kuuza majengo, kwa kuwa hiyo haitajirudia. Katika mfano wetu, hasara ya 10 ukiirudishia 70 unapata milioni 60. Mfuko una hisa milioni 100 na unalipa senti 40 kwa kila hisa, yaani dola milioni 40. Hisa moja inauzwa dola 3.60, na hapo ndipo ile asilimia 11 inapotokea. Milioni 60 zimeingia, milioni 40 zimegawiwa, mtu anaridhika. Mwanao aliishia hapo.

Tatizo ni kwamba uchakavu wa hoteli si wa kwenye karatasi tu. Wewe unakaa mji wa pwani, unajua upepo wa chumvi unavyovifanya viyoyozi, vitasa na mabati. Godoro lililolaliwa na watu 200 kwa mwaka si godoro la chumbani kwako. Katika jengo la ofisi mpangaji hununua samani zake; katika hoteli kila kijiko ni cha mwenye nyumba. Mikataba ya usimamizi wa hoteli kwa kawaida humtaka mmiliki atenge asilimia 4 au 5 ya mapato kila mwaka kwa ajili ya samani na vifaa, na mtu anayesahihisha fedha za uendeshaji anaweza kupunguza asilimia hiyo tu. Kwa milioni 400, asilimia 4 ni milioni 16, kwa hiyo zinabaki milioni 44, na gawio la 40 bado linaonekana limefunikwa. Lakini asilimia 4 haihesabu lifti, paa, mabomba, wala ukarabati mkubwa ambao mwenye nembo, yaani kampuni ambayo hoteli inatumia jina lake, huudai kila baada ya miaka kadhaa, akisema wazi kwamba usipofanyika jina lake linatoka mlangoni. Ukiangalia taarifa ya mtiririko wa fedha, kwenye mstari wa fedha zilizotumika kukarabati majengo, na kuchukua wastani wa miaka mitano au sita, mara nyingi utakuta kiwango kilicho juu zaidi. Tuseme mfuko wetu umetumia wastani wa asilimia 8, yaani milioni 32. Sasa 60 ukitoa 32 zinabaki 28, na mfuko unagawa 40. Milioni 12 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kukopa, au kwenye kuuza hoteli moja moja, au kwenye ukarabati unaoahirishwa kimyakimya. Huko ndiko kujila ulikokuulizia.

Kuahirisha ukarabati ndiko kubaya kuliko kote, kwa kuwa hakuonekani kwenye mahesabu. Mwaka 2016 nilikuwa nikifunga mahesabu ya hoteli moja ya ufukweni Bagamoyo. Kwa miaka mingi hoteli za mji ule zilijazwa na semina za wizara na taasisi za umma, watu wakitoka Dar es Salaam Jumatatu na kurudi Ijumaa. Serikali ilipobana matumizi ya semina na safari kuanzia mwishoni mwa 2015, kumbi zikakaa tupu. Wenye hoteli ile hawakutaka kupunguza kile walichozoea kujigawia, wakaamua viyoyozi na magodoro vingoje. Kwa miezi kadhaa mahesabu yalionekana kupata nafuu, na mmoja wao akaniuliza kwa nini nina uso wa msiba wakati matumizi yameshuka. Kila shilingi ya ukarabati iliyoahirishwa ilikuwa inaonekana kama faida. Mwaka uliofuata wageni wachache waliobaki walikuwa wanadai punguzo kwa sababu ya joto chumbani, bei ya wastani ikaanguka, na gharama ya kurekebisha kila kitu kwa mkupuo ikawa kubwa kuliko walichojigawia. Tangu hapo, nikipewa mahesabu ya hoteli yenye matumizi yaliyoshuka ghafla, huanza kwa kuuliza magodoro yana umri gani.

Sasa deni. Mfuko wetu una deni la milioni 750. Kipimo cha kwanza ni kuligawa deni hilo kwa fedha inayopatikana kabla ya riba na uchakavu, yaani 105, na jibu ni kidogo zaidi ya mara 7. Kwa kipimo changu, mfuko wa hoteli wenye deni lisilofika mara 4 unaweza kulala. Kati ya 4 na 6 unahitaji kutazamwa. Ukivuka 7 unaishi kwa hisani ya wakopeshaji. Wenye majengo ya ofisi au nyumba za kupangisha huweza kubeba zaidi, kwa kuwa kodi yao imetiwa saini, lakini sisi tunazungumza juu ya mpangaji wa usiku mmoja. Kipimo cha pili ni kuigawa ile 105 kwa riba ya 45, na unapata mara 2.3. Kinaonekana kizuri, na ndicho mfuko utakachokionyesha kwa herufi kubwa.

Kifanyie majaribio. Tuseme mapato yanashuka kwa asilimia 15, jambo ambalo si la ajabu katika biashara ya hoteli. Mdororo wa kawaida wa uchumi unaweza kulileta. Milioni 60 zinapotea. Gharama hazishuki kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu mlinzi wa getini halipwi kwa idadi ya wageni. Tukisema gharama zinapungua kwa 24 tu, hoteli zinabakiza 84 badala ya 120. Ukitoa 15 za makao makuu zinabaki 69. Ukitoa riba ya 45 zinabaki 24. Ukitoa ukarabati wa 32 umeingia kwenye upungufu wa milioni 8 kabla hujagawa hata senti moja. Deni lile lile ambalo halijaongezeka hata dola moja sasa ni karibu mara 11. Tazama jinsi asilimia 15 ya mapato ilivyoondoka na fedha yote iliyokuwa ya kugawa, pamoja na nyongeza. Hesabu hii haihitaji uhasibu. Inahitaji penseli na ujasiri wa kukubali kwamba mwaka mbaya huja.

Baada ya ukubwa wa deni, tazama tarehe zake. Katika maelezo ya mahesabu kuna jedwali linaloonyesha kiasi gani cha deni kinakomaa kila mwaka, na mimi hulisoma hilo kabla ya kusoma barua ya mwenyekiti. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 mwezi Julai 2023, na mikopo iliyochukuliwa wakati wa riba ndogo ikawa inakomaa katika dunia nyingine. Tuseme nusu ya deni letu, milioni 375, lilikopwa kwa asilimia 4.5 na linakomaa mwakani, na mkopo mpya unapatikana kwa asilimia 7.5. Riba inaongezeka kwa milioni 11.25 kila mwaka. Zile 28 zilizokuwa zimebaki baada ya ukarabati zinakuwa 16.75, bila hata mgeni mmoja kupungua. Uliza pia ni sehemu gani ya deni ina riba inayopanda na kushuka na soko, na kama mfuko umenunua kinga dhidi ya kupanda huko, na kinga hiyo inaisha lini. Kinga inayoisha kabla ya mkopo wenyewe ni mwavuli unaofungwa katikati ya masika.

Kisha kuna namna deni lilivyofungwa. Mikopo mingi ya hoteli za Marekani hushikwa na rehani ya jengo lenyewe tu, kiasi kwamba mfuko ukishindwa, mkopeshaji huchukua jengo hilo na hawezi kuzifuata hoteli nyingine. Mwezi Juni 2023 Park Hotels & Resorts ilitangaza kuacha kulipa mkopo wa dola milioni 725 uliowekewa rehani hoteli zake mbili kubwa za San Francisco, Hilton Union Square na Parc 55. Mtu akisoma habari hiyo juu juu atadhani mfuko umekufa. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa mwenye duka anayefunga tawi linalomla ili maduka mengine yapumue, na mfuko uliendelea na kazi. Kwa hiyo usihesabu tu ukubwa wa madeni. Hesabu ni hoteli ngapi hazina rehani kabisa, kwa sababu hizo ndizo mfuko unazoweza kuuza au kukopea siku ya shida. Mfuko ambao kila hoteli yake imeshikwa hauna kidole cha kukata.

Mikopo hiyo ya rehani ina sharti jingine ambalo wasomaji hulipita. Mapato ya hoteli yakishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, fedha yake huanza kuingia kwenye akaunti inayosimamiwa na mkopeshaji, ikalipa riba, kodi na matengenezo, na kinachobaki hufungiwa humo. Fedha hiyo bado huandikwa kwenye mizania ya mfuko, lakini chini ya jina la fedha zenye masharti. Ukikuta fedha zenye masharti zinakua mwaka hadi mwaka huku fedha huru zikipungua, sehemu ya ufunguo wa nyumba imekwisha kuhamia mkononi mwa benki. Katika fedha zenye masharti huwamo pia akiba halali ya ukarabati, kwa hiyo soma maelezo yake kabla ya kuhukumu.

Lipo pia suala la nani hasa anayelipa. Sheria ya Marekani hairuhusu mfuko uendeshe hoteli wenyewe. Kwa kawaida hoteli hukodishwa kwa kampuni tanzu ya mfuko, inayolipa kodi, na kampuni hiyo huajiri msimamizi wa nje. Ndiyo maana jina lililo mlangoni, liwe Marriott au Hilton, mara nyingi si la mwenye jengo. Katika mpango huo mfuko unabeba hatari yote ya vyumba kukaa vitupu. Kuna mpango mwingine ambapo mtu mmoja hukodi hoteli zote na kuahidi kodi ya pango ya kudumu, nao huonekana salama zaidi mpaka umchunguze huyo mkodishwaji. Eagle Hospitality Trust, mfuko wa hoteli wa mpango huo, iliorodheshwa Singapore mwezi Mei 2019 kwa senti 78 za Marekani kwa hisa, ikiwa na hoteli 18 nchini Marekani zilizokodishwa kwa kampuni zilizofungamana na waanzilishi wake. Machi 2020 biashara ya hisa zake ilisimamishwa, kodi haikuwa inalipwa, mkopo wa dola milioni 341 ukaingia kwenye hali ya kushindwa kulipwa, na Januari 2021 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi nchini Marekani. Haikumaliza hata mwaka mmoja sokoni. Korona iliusukuma, lakini kodi ya uhakika kutoka kwa mtu asiye na fedha haikuwa ya uhakika tangu mwanzo.

Mengine mawili nitayapita haraka. Kama mfuko una hisa za kipaumbele, gawio la hizo hulipwa kwanza, kwa hiyo liondoe kabla hujahesabu chako. Na kama mfuko unaendeshwa na kampuni ya nje inayolipwa kwa ukubwa wa mali, jua kwamba anayeamua kununua hoteli nyingine analipwa zaidi kwa kununua, iwe imelipa au haikulipa.

Kuhusu swali lako kwamba mfuko unalipaje gawio ukiwa na hasara, sasa jibu limekamilika upande mmoja: unalipa kwa sababu uchakavu haukutoa fedha. Upande wa pili ni kwamba sharti la asilimia 90 hupimwa kwa mapato yanayotozwa kodi, na mfuko ambao mapato yake ya kikodi ni sifuri hausharutishwi kulipa chochote. Ukilipa, unalipa kwa hiari, na sehemu ya malipo hayo huweza kuandikwa kwenye taarifa ya kodi kuwa ni mtaji unaorudishwa kwa mwenye hisa. Hilo peke yake si ubaya, mradi ile fedha iliyobaki baada ya ukarabati inatosha. Katika mfano wetu haitoshi. Kama mfuko ungegawa tu zile milioni 16.75 zitakazobaki baada ya mkopo kukopwa upya, kila hisa ingepata chini ya senti 17, ambayo kwa bei ya dola 3.60 ni chini ya asilimia 5. Wauzaji na wanunuzi wa hisa hiyo wanalijua hilo, na ndiyo maana bei imeshuka kiasi cha kulifanya gawio la leo lionekane asilimia 11. Mimi nisingeinunua.

Ongeza na kodi. Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni asiyeishi huko, isipokuwa pale ambapo mkataba wa kodi kati ya nchi mbili unapunguza kiwango hicho, na Tanzania haina mkataba wa namna hiyo na Marekani. Senti 40 zako zingefika zikiwa 28, yaani asilimia 7.8 badala ya 11.1, hata kabla ya gawio kupunguzwa. Mwanao akinunua kwa jina lake mwenyewe hesabu ya kodi inaweza kuwa tofauti, lakini basi hisa ni zake na si zako, na hilo ni la kuzungumza nyumbani, mkiwa pamoja na ndugu zake, kabla fedha haijatumwa.

Ukurasa mmoja aliokutumia hautoshi kwa uamuzi wowote. Kila mfuko ulioorodheshwa Marekani huwasilisha ripoti ya mwaka kwa mamlaka ya masoko ya huko, nayo inaitwa 10-K na husomwa bure kwenye intaneti. Mwombe akutolee humo kurasa tatu: jedwali la madeni na miaka yanapokomaa, pamoja na hoteli ambazo hazina rehani, taarifa za mtiririko wa fedha za miaka mitano au sita, zikiwa na mstari wa ukarabati wa majengo, na maelezo ya fedha zenye masharti. Kisha mwambie apunguze mapato kwa asilimia 15 kama nilivyofanya hapo juu, akuletee tarakimu inayobaki baada ya riba na ukarabati.